Kondoo Aliyevaa Sweta la Shule

Viatu vya baba vilifukuzwa nyumbani asubuhi ya Jumanne, bila kupewa nafasi ya kujitetea. Mama aliviinua kwa ncha za vidole, akavibeba mbali na pua yake kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, akaviweka nje ya mlango wa nyuma, kwenye mvua. Baba ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini. Alikuwa mlinzi wa ghala la mbao upande wa pili wa mji, mtu wa kukesha usiku na kulala mchana, na viatu vile vyeusi vya ngozi ndivyo vilivyomfanya aonekane mlinzi na si mtu aliyekosa usingizi tu. Alisimama mlangoni na soksi zake, akavitazama vikilowa, akasema taratibu kwamba alikuwa amevipaka rangi juzi tu.

"Rangi haiondoi harufu, baba watoto," mama akamjibu.

Mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa mezani na kikombe cha chai, aliona saa ya kuhutubia imewadia. Kijana huyu alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na nyumbani aliitwa Mheshimiwa. Jina hilo alipewa na mama siku alipoambiwa afagie uani, naye akauliza kama kazi hiyo haina mtu wa ngazi yake. Alisimama, akakohoa, akaliomba birika ruhusa kama mwenyekiti wa kikao, kisha akatangaza kwa masikitiko makubwa kifo cha ndugu wawili mapacha, Marehemu Kulia na Marehemu Kushoto, waliofariki baada ya kuugua harufu kwa muda mrefu, wakaacha soksi mbili na vidole kumi visivyo na wa kuvitunza.

Dada yake mdogo, aliyeitwa Kiroboto kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ametulia, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Hata mama alicheka. Baba naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye mwili wake umeshatangulia kitandani, akaenda kulala. Mheshimiwa aliketi, akajipongeza kimoyomoyo, akaongeza sukari.

Harufu haikuondoka. Ilikuwa ya ajabu kidogo, yenye utamu fulani ndani ya uozo, na iliingia zaidi upepo ulipotoka nyuma ya nyumba. Lakini nani aichunguze harufu wakati viatu vya kulaumu vipo?

* * *

Mama alikuwa fundi wa sare za shule. Cherehani yake na mashine ndogo ya kufumia masweta zilijaa sebule yote, na wageni walizoea kuketi juu ya suruali ambazo hazijatiwa vifungo. Nyuma ya nyumba, ndani ya banda la mabanzi baba aliyoruhusiwa kuchukua ghalani, kulikuwa na kondoo wachache. Kondoo hao walikuwa wa mama peke yake. Sare ziliwalisha watoto. Kondoo ndio waliowapeleka shule. Kila Mheshimiwa aliporudi bweni muhula mpya, kondoo mmoja alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma ili yeye atoke kwa mlango wa mbele.

Mwaka huo dume lao lililozeeka lilikufa, na majike yakakaa bila kuzaa. Ikabidi mama aende kwa kaka yake kuazima dume. Mjomba alikuwa na zizi kubwa na kauli ndogo. Alimketisha mama kwenye benchi wanapongojea vibarua, akamwacha hapo hadi alipomaliza kula, kisha akamkumbusha baiskeli aliyomwazima wakiwa vijana, iliyorudi bila kengele.

"Nakupa kondoo dume, dada," mjomba alisema mwishoni. "Nataka arudi kondoo dume."

Mama aliapa kwamba atarudi kama alivyotoka, hata unyoya usipungue. Aliyasimulia hayo nyumbani akiwa amempa kila mtu kisogo, anapanga uzi uliokuwa umeshapangwa. Mjomba angekuja kumchukua dume wake Jumamosi ya mwisho wa likizo.

Msimu wa mvua mama alikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, aliingia bandani na kutia mkono ndani ya manyoya ya kila kondoo: mabegani, mgongoni, chini ya mkia, mpaka vidole vifike kwenye ngozi. Alitafuta unyevu, joto, harufu, na vile vijiyai vyeupe vya nzi vinavyoshikamana kama wali ulioiva vibaya. Manyoya yaliyochafuka nyuma aliyakata palepale. Nzi wa kijani, yule anayeng'aa kama kifungo, anapenda sufu iliyolowa au yenye kinyesi. Anataga humo, na kabla hujajua, funza wameanza kumla mnyama akiwa hai, akiwa amesimama, akiwa anakutazama.

Likizo hiyo sare zilirundikana, kila mzazi akitaka yake iwahi kabla ya shule kufunguliwa. Kwa hiyo mama alimkabidhi Mheshimiwa kazi ya banda. Alimshika mkono, akauzamisha ndani ya manyoya ya jike mmoja, mkono wake juu ya mkono wa mwanawe.

"Usiangalie," alimwambia. "Macho yatakuambia kondoo ni mzima. Shika."

Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa uzito uliostahili. Lakini kule bweni yeye alikuwa msaidizi wa kiranja, na ukaguzi alioujua ni ule ambao mkaguzi anafunga mikono nyuma na wanaokaguliwa ndio wanaohangaika. Isitoshe, mikono yake ilikuwa na heshima zake. Basi kila asubuhi alisimama mlangoni mwa banda, kifua mbele, akawaita kondoo gwarideni, akawapa nasaha kuhusu usafi na uzalendo, kisha akarudi ndani kutoa ripoti.

"Wote wapo, mama. Hakuna mgonjwa, hakuna mtoro."

Na mama, meno yake yamebana pini, alitikisa kichwa bila kugeuka.

* * *

Sasa lile sweta.

Dume la mjomba lilikuwa na kidevu kilichoning'inia, macho membamba, na mwendo wa taratibu wa kiumbe anayejua kwamba wengine watampisha. Mheshimiwa alipoliona mara ya kwanza alishtuka, maana lilifanana na mwalimu mkuu wa shule yake kama vile walinyonya pamoja. Akalipa jina: Mkuu. Wiki ya kwanza ya likizo akachukua sweta lake la shule, la bluu, lenye nembo kifuani, akamvalisha, akamfunga na tai ya kipande cha kitambaa. Nia ilikuwa picha moja tu ya kuwachekesha wenzake bwenini.

Mama aliwakuta. Alikuwa ameshika mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, na Mheshimiwa alianza kutafuta njia ya kutokea. Mama aliushusha mkasi. Alimtazama kondoo, akainamisha kichwa upande mmoja, akakunja uso.

"Limempwaya kifuani," alisema.

Fundi wa kweli hawezi kuona vazi limepwaya akaendelea na safari zake. Mama alileta sindano, akapiga magoti kwenye majani, akabana sweta chini ya tumbo la Mkuu, akalishona palepale mwilini kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Kazi ilipoisha sweta lilikaa kama limezaliwa naye. Halikuwa na mlango wa kutokea.

Watoto wa mtaani wakaanza kuja kuchungulia uani. Kisha wakaja mama zao kuwatafuta, nao wakachungulia. Mmoja aliuliza sweta lile limefumwa na nani, maana la mwanawe lilivutika likawa gauni baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Mama akamwonyesha mshono. Siku hiyohiyo zikaingia oda. Basi tai ikavuliwa lakini sweta likabaki, na Mkuu akawa tangazo la biashara linalokula majani. Mama akasema avae mpaka karibu na siku ya kuja mjomba. Mheshimiwa mwenyewe hakuwa na hasara. La zamani lilishamwacha viwiko nje, na mama alikuwa amekwisha kumfumia jipya, limekunjwa begini.

Mvua ikanyesha juu ya sweta. Jua likatoka kidogo, likalipasha sweta moto, likarudi mawinguni. Mvua ikanyesha tena.

Wiki hiyo ya mwisho Mkuu alianza tabia mpya. Alipiga kwato chini bila sababu. Alitikisa mkia, akageuza shingo kung'ata ubavu wake, akajitenga pembeni na kukataa majani. Mheshimiwa, mkaguzi makini, aliyaona yote hayo kutoka mlangoni na akayatafsiri. Alimweleza Kiroboto kwamba mwalimu mkuu amepokea matokeo ya mtihani na hayamfurahishi.

* * *

Kufikia Alhamisi, soksi za baba zilikuwa zimefuata viatu. Halafu ikawa zamu ya baba mwenyewe. Mama alimsihi kwa upole aoge tena na sabuni ile ya kipande, na asugue katikati ya vidole. Baba alisugua. Alisugua na viatu pia, ndani na nje, akiwa amechuchumaa uani saa ambazo alipaswa kuwa amelala, akavitia magazeti, akavianika ukutani. Havikukauka. Akavivaa hivyohivyo akaenda kazini, na kila hatua ikatoa sauti ya kiatu kinachokunywa maji. Alirudi akipiga chafya. Alitandika mkeka ukumbini, karibu na mlango, asiwasumbue watu chumbani.

Mheshimiwa alimwimbia wimbo wa maziko alipokuwa akipita. Baba akapunga mkono kama mtu anayepokea saluti.

Mchana huo baba aliitwa ghalani kupokea mzigo wa mbao, akaondoka mapema na viatu vyake, na soksi zake, na mafua yake. Familia ikabaki na madirisha wazi. Baada ya muda Kiroboto aliinua kichwa kutoka kwenye vipande vya vitambaa alivyokuwa akichezea.

"Mama, baba ameenda na viatu vyake. Mbona harufu imebaki?"

Swali lilikuwa zuri. Cherehani ilisimama. Mama alinusa upande wa mlango, akanusa upande wa dirisha la nyuma, na uso wake ukabadilika polepole.

"Mheshimiwa," alisema. "Kamtazame yule dume."

Alikwenda, kwa mwendo wa kiongozi aliyekatizwa shughuli. Mkuu alikuwa amelala kwenye kona, kidevu chini. Mheshimiwa alimwamuru asimame. Hakusimama. Nzi walikuwa wamejipanga juu ya nembo ya shule, wa kijani, wanang'aa, kama wageni rasmi. Kijana aliwafukuza, kisha kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze akanyoosha mkono na kumshika.

Kondoo hakusogea. Sweta ndilo lililosogea. Chini ya kiganja chake, kitambaa kilikuwa kinatembea chenyewe.

Mama alifika na mkasi wake mkubwa, ule ambao mtoto aliyeukatia karatasi aliitwa mhalifu. Aliupitisha kuanzia shingoni hadi kwenye pindo la mgongoni, na sweta likafunguka. Sufu chini yake ilikuwa nyeusi kwa unyevu, na ndani ya sufu, kutoka bega hadi nyuma ya mbavu, funza walikuwa wamejaa wakichemka kama uji. Ngozi palipoonekana ilikuwa mbichi. Mheshimiwa, aliyewahi kuwaeleza wenzake kwamba hakuna kitu kinachomtisha, aliwahi ndoo ya maji ya kondoo, akatapikia humo.

"Ulimshika lini mara ya mwisho?" mama aliuliza.

Alianza kusema kwamba ukaguzi ulifanyika kila asubuhi kama ilivyoelekezwa.

"Sikukuuliza hayo. Ulimshika lini?"

Mheshimiwa alitafuta neno la kusimama nalo, na hotuba zote alizowahi kutoa zilikuwa zimeondoka bila kuaga.

"Sijamshika, mama."

Mama alimgeuza kondoo ubavu. Kisha alitazama chini ya tumbo la Mkuu, kwenye mshono wake mwenyewe, imara, mzuri, usioruhusu hata kidole kupita.

"Na mimi nikamshonea humo," alisema. Akakunja mikono ya gauni lake. "Lete maji ya moto na sabuni. Anza kutoa."

* * *

Dawa hazikuwepo, na wazazi wa sare walikuwa hawajaja kulipa. Mama alifungua begi la shule, akatoa sweta jipya, akalifunga kwenye gazeti, akamkabidhi Mheshimiwa mwenyewe akalibadilishe kwa dawa.

Duka la dawa za mifugo lilijaa watu waliofuata mbolea. Muuza duka, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwuliza shida yake. Mheshimiwa aliinama juu ya kaunta, akanong'ona kwamba kuna kondoo fulani, si lazima awe wa kwao, ambaye huenda ameingiliwa na funza.

"Sehemu gani?" muuza duka aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza kwenye kelele.

"Mgongoni. Na ubavuni."

"Mgongoni? Wengi huanzia mkiani. Mgongo ulilowaje bila kukauka? Alikuwa amefunikwa na kitu?"

Mheshimiwa alitazama dari. Duka zima lilikuwa limemgeukia.

"Sweta," alisema.

Walicheka. Walicheka watu wa mbolea, akacheka mpakiaji aliyekuwa na gunia begani hadi akalitua. Mzee mmoja aliuliza kwa huruma kama kondoo huyo alikuwa na suruali pia. Mheshimiwa alisubiri wamalize. Ilimjia kwamba hivi ndivyo mtu anavyosimama wakati wengine wanamcheka: anatabasamu kidogo, anatazama chini, anapunga mkono. Alimkumbuka mtu aliyekuwa akifanya hivyo wiki nzima, akajikuta hajui aweke wapi macho.

Alifungua gazeti. Muuza duka alilishika sweta jipya, akalivuta mabegani, akautazama mshono kwenye mwanga, akauliza kama linamtosha mjukuu wake. Lilimtosha. Akatoa dawa ya kuoshea vidonda, na ile ya kupulizia ya rangi ya zambarau inayofukuza nzi, akampigia simu daktari wa mifugo aje kumchoma mnyama sindano. Daktari alifika jioni hiyohiyo, akasema mnyama amewahiwa kwa bahati, na kwamba wakate manyoya mpaka wakute sehemu kavu pande zote, wasiache hata funza mmoja, na wawapekue na wengine. Mama alikuwa ameshawapekua. Jike mmoja alikutwa na vijiyai chini ya mkia, juu ya kinyesi kilichoganda, mahali ambapo Mheshimiwa alikuwa amehutubia kila siku kuhusu usafi.

Alitoa funza mpaka mgongo wake ukagoma kunyooka. Aliwatoa kwa vidole, akawatia kwenye kopo la maji ya moto. Mwanzoni alifumba macho. Baadaye aligundua kwamba kwa vidole ndivyo alivyowapata waliojificha.

Asubuhi baba alirudi kutoka kazini, akawakuta bandani. Alilitazama sweta lililopasuliwa. Akamtazama kondoo, nusu yake imenyolewa, nusu zambarau. Kisha akavitazama viatu vyake, kwa muda mrefu kidogo.

"Kumbe," alisema.

Akapiga chafya, akaingia bandani, akakishika kichwa cha Mkuu ili mama aoshe kidonda vizuri. Mheshimiwa alikuwa ameandaa hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Alipofika kwenye mlango wa chumba kuitoa, baba alikuwa amelala, na miguu yake, myeupe kwa kuloweshwa maji, ilikuwa imetoka nje ya shuka.

* * *

Jumamosi Mkuu alikuwa anakula. Hilo ndilo jema pekee lililoweza kusemwa kuhusu sura yake. Mama alimfunga nyuma ya banda, kwenye kivuli, akaazimia kusema kwamba ameparuzwa na waya. Alivaa gauni lake la kutokea. Alipomkaribisha mjomba sebuleni, aliondoa suruali zote kwenye kiti kizuri, jambo lisilowahi kufanyika hata kwa padri wala shehe.

Mjomba alikunywa chai, akaeleza bei ya majani na uvivu wa vibarua wake. Katikati ya maelezo akainua pua.

"Dada, mbona nyumba inanuka?"

Kikombe cha mama kilisimama hewani. Kisha mlango wa chumbani ukafunguka, akatoka baba, na fulana yake ya kulalia, usingizi bado umemkaa usoni.

"Ni viatu vyangu, shemeji," alisema. "Kazi ya kukesha. Tuwie radhi."

Mjomba alisogeza kiti chake mbali, akacheka kwa raha. Alisema kumbe ndiyo maana ghala lile halijawahi kuibwa. Mwizi akisikia miguu hiyo anakimbia mwenyewe. Alisema shirika zima la ulinzi lingeweza kufungwa, wakatundika soksi moja tu getini. Baba alitabasamu kidogo, akatazama chini, akapunga mkono.

Mheshimiwa alikuwa amesimama karibu na mashine ya kufumia. Utani wa mjomba ulikuwa wa kawaida. Yeye alikuwa na mzuri zaidi, wa mapacha marehemu, na wiki nzima ulikuwa umempatia sifa. Mama alimtazama haraka, kwa macho yanayosema nyamaza. Hakukohoa. Hakuliomba birika ruhusa.

"Siyo viatu vya baba, mjomba. Ni dume lako."

"Amefanya nini?"

"Nilimvalisha sweta. Likalowa. Niliambiwa nimshike kila asubuhi, sikumshika. Funza wakamla."

Mama aliweka kikombe chini. "Nami ndiye niliyelikaza, kaka," alisema. "Limeshonwa vizuri."

Mjomba alitoka nje bila kumtazama mtu. Wakamfuata hadi nyuma ya banda. Alisimama mbele ya dume lake kwa muda ambao Kiroboto, kwa mara ya kwanza maishani, alitulia. Kisha akainama, akatia vidole kwenye manyoya yaliyobaki, akazunguka kidonda taratibu, mpaka chini ya mkia. Alinusa vidole vyake.

"Nani aliwatoa?"

Mheshimiwa alionyesha mikono yake. Kucha zilikuwa bado zambarau.

"Sweta lilikuwa na nembo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na tai?"

"Tai ilikuwa siku ya kwanza tu."

Shavu la mjomba liliruka kidogo, akalikamata. Alisema hawezi kupita barabarani na mnyama huyo, watu wenye akili watauliza. Atabaki hapo mpaka sufu irudi, kwa majani ya dada yake. Mwanakondoo wa kwanza atakayezaliwa ni wake, na asiletewe aliyevaa. Mama alikubali. Alimeza mate kwanza, kwa sababu mwanakondoo wa kwanza tayari alikuwa na kazi. Alikuwa ada ya muhula unaofuata. Lakini alikubali akiwa amesimama, na hakuna aliyetaja kengele ya baiskeli.

Akiondoka, mjomba alipitia mlango wa nyuma, palipoanikwa viatu vya baba. Alisimama. Aliinua kimoja, akakinusa ndani, akakirudisha pale pale, akakiweka sawa na mwenzake.

* * *

Jumapili Mheshimiwa alivipaka viatu rangi, akavisugua mpaka akaona pua yake ndani yake. Baba aliamka, akaviona, akasema tu asimalize kopo zima. Kisha akamwambia alete na vya kwake, na wakaketi uani wawili wao wakisugua, kila mtu na jozi yake, bila hotuba.

Jioni mama aliweka sweta mezani. Lilikuwa lile la zamani, limefuliwa mara nyingi, limeanikwa, limefuliwa tena. Mpasuko ulikuwa umeshonwa kutoka shingoni hadi pindoni, mishono midogo, iliyolingana, kazi safi kabisa, kwa uzi mweupe.

"Uzi wa bluu umekwisha?" Mheshimiwa aliuliza.

"Upo," mama alisema, akaendelea kupiga pasi.

Shule ilifunguliwa kwenye mvua. Asubuhi ya kwanza wanafunzi wote walikusanyika ukumbini, wamelowa, wamesimama kwa mistari. Wengi walikwisha kumwuliza Mheshimiwa kuhusu ile barabara nyeupe mgongoni mwake, naye alikuwa amewajibu kwamba ni mtindo. Watu walivyobanana ukumbi ukaanza kupata joto, na sweta nalo likapata joto, na kutoka ndani ya nyuzi zake ikaanza kuinuka, taratibu, kwa heshima zote, harufu anayoijua.

Mwalimu mkuu alikuwa akipita kwenye mistari kukagua, kidevu kikining'inia, mikono nyuma. Alifika kwa Mheshimiwa, akasimama. Pua ikapanda.

"Nini kinanuka hapa?"

Jirani yake wa kulia alianza kumgeukia, macho yakielekea kwenye sweta. Nusu ya darasa walijua mama yake ndiye fundi, na nusu nyingine walikuwa wamevaa kazi ya mikono yake.

"Ni viatu vyangu, mwalimu," Mheshimiwa alisema.

Ukumbi ukacheka. Alitabasamu kidogo, akatazama chini. Mwalimu mkuu akamwamuru avivue mara moja, akaviweke nje. Alivivua, akavibeba hadi mlangoni, akavipanga kwenye ngazi, kimoja sawa na mwenzake, akasimama pale na soksi zake akivitazama vikilowa. Alikuwa amevipaka rangi juzi tu.